Mizani Aonja Mahindi

Tangu walipomzika mdogo wake, Mizani hakuwa amelia, na mtaa mzima ulikuwa umeshaliona hilo. Siku ya msiba alipanga viti, akaosha vikombe, akamwelekeza mwenye turubai mahali pa kufunga kamba. Kesho yake akafungua ghala na kufagia. Jirani mmoja alisema yule mwanamke ana jiwe kifuani. Mizani alisikia, akaona huenda ni kweli, akaendelea kufagia.

Jina hilo alipewa utotoni, kwa sababu ndiye aliyesimama penye mizani mama yao alipoanza kununua mahindi. Biashara yenyewe ilianzia chumbani. Mama alikuwa na debe moja na ulimi mtamu, na mahindi yaliyokosa mnunuzi sokoni yalirudi kulala na watoto. Watu husema haba na haba hujaza kibaba. Hawasemi kwamba kibaba kikishajaa, watoto hukosa pa kulala. Mizani na wadogo zake wawili walilala juu ya magunia, wakajikuna kwa vumbi na fukusi, wakajifukia kwenye rundo hadi shingoni huku mama akiwafukuza kwa ufagio. Chumba kikazaa banda, banda likazaa ghala la matofali lenye lango la kupita lori, na mwishowe kikaja kihenge cha mabati, kirefu kuliko nyumba zote za mtaa. Siku kiliposimamishwa, mama alikizunguka akikigonga kwa kifundo cha kidole, kama mtu anayechagua chungu sokoni. Mizani alijua amefurahi.

Katika familia ile hakuna aliyewahi kuogopa mahindi, na hilo ndilo lililomuua Fundi, yule mdogo aliyezikwa. Fundi alikuwa mtoto wa pili, na mashine zote zilikuwa mikononi mwake. Paa la kihenge lilivuja, mahindi ya juu yakalowa na kugandamana, na walipofungua mlango wa chini yakamwagika kidogo kisha yakakoma. Kibarua alimwomba afunge kamba kiunoni kabla ya kuingia. Fundi alicheka, akasema yeye alilala juu ya mahindi kabla hajakijua kitanda, kamba ya nini tena. Akaingia kwa juu na mti wa kuyachokoa mkononi, akakanyaga lile tabaka lililoganda, na chini yake palikuwa patupu; likavunjika, mahindi yakamfukia. Ilibidi wakate bati kumtoa. Mahindi yaliyolowa na yaliyomwagika pamoja naye yalifukiwa shimoni, na bati likazibwa. Yaliyobaki ndani yalikuwa makavu, safi, na mengi.

Sasa msimu mpya ulikuwa mlangoni. Wakulima waliuliza kama watapokelewa, wakaambiwa njooni kesho, na mtu akiambiwa kesho mara nyingi huenda kwa mwingine. Kihenge kisipotolewa mahindi hapakuwa na pa kuwapokelea, na kazi ya maisha yote ya mama ingeishia hapo. Kitindamimba wao, aliyejiita Meneja na kuchomekea shati hata siku za mapumziko, alikuwa ameshampata mnunuzi: mwenye kinu wa mji wa pili, aliyejua yaliyotokea na asiyejali.

Kikwazo kilikuwa sharti la mama. Tangu enzi za debe, nyumba ile haikuuza mahindi ambayo yenyewe haijayala. Kila shehena ilichotwa kidogo, ikasagwa, ikapikwa jikoni kwa mama, na Mizani ndiye aliyeonja na kutoa neno. Meneja alisema safari hii sharti lisamehewe. Alilisema kwa upole, akiangalia viatu vyake. Mama, ambaye tangu mazishi hakuwa akitoa neno zaidi ya salamu, alimkatiza.

"Kama sisi hatuwezi kuyala, tunampelekea nani?"

"Mama, mwenzetu amefia mle."

"Namjua aliyefia mle. Nilimzaa mimi." Akamgeukia binti yake. "Mwanangu, sikulazimishi. Ukisema huwezi, tutayafukia yote na lango tutalifunga. Sitakulaumu hata kidogo."

Mizani alijipekua kuona kama anaweza. Hakukuta hofu wala kinyaa, hakukuta chochote, na aliona aibu kwamba kwake jambo lile lilikuwa jepesi. Akasema ataweza. Akachukua bakuli, akaenda kuchota mwenyewe kwenye mlango wa chini. Mahindi yalikuwa ya baridi, yakimpita vidoleni. Akayasaga kwa kinu kidogo cha uani, akaupika unga mtupu, bila kitoweo wala chumvi, kama sharti lilivyotaka.

Walikaa watatu mezani. Tangu msiba Mizani alikuwa akila kwa kuwa sahani imewekwa mbele yake; kwenye ulimi wake chumvi na sukari zilikuwa kitu kimoja. Alimega tonge, akalitia mdomoni, akatafuna. Lilikuwa tamu. Ulikuwa ule utamu wa mahindi yaliyokauka vizuri, na nyuma yake ikaja njaa, njaa ya siku zote zile kwa mpigo. Akamega la pili kabla ya kuulizwa.

"Yakoje?" mama aliuliza.

"Mazuri," alisema, na sauti ikamkatika. "Mazuri sana, mama."

Mama akamwambia Meneja ampigie simu mwenye kinu, kisha akasogeza kiti na kumega naye. Mizani alikuwa akilia sasa, machozi na kamasi, kwa sauti iliyovuka ukuta hadi kwa majirani, na mkono wake haukuacha kurudi kwenye sahani. Alimlilia mdogo wake na huku anatafuna. Alikichukia chakula kile kwa kuwa kitamu, na alikula mpaka kikaisha.