Shotgun ya marehemu baba ilivyogoma kufunga: mtutu ulikaa Mbale, kitako kikakaa Jinja

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Ninaandika jambo lililoipata familia yetu. Sijalitia chumvi, kwa sababu lenyewe halikuhitaji.

Mimi ni daktari wa meno hapa Jinja, mama wa makamo. Kwetu Kiswahili ni lugha ya nyumbani tangu enzi za babu aliyekuja na jeshi kutoka Sudan. Majirani, waliozoea kukisikia kwa askari tu, wakitusikia tunabishana hudhani kuna msako.

Marehemu baba aliacha shotgun ya kukunja. Wasioijua: inafunguka katikati kwa bawaba, risasi inaingia nyuma ya mtutu, kisha unainua na kuifunga. Aliitumia kufukuzia nyani shambani.

Baada ya arobaini, ndugu zangu wawili waliigombania. Asuman, kaka yetu mkubwa, anauza vitambaa mjini Jinja. Muzamiru, kitinda mimba, ana gereji ya kupaka magari rangi kule Industrial, eneo la viwanda la Mbale.

Wazee wa ukoo wakatoa uamuzi ambao mpaka leo sijui niuite nini. Muzamiru aende na mtutu, Asuman abaki na kitako. Kwa njia hiyo, walisema, hakuna atakayempiga mwenzake.

Na kweli hakuna aliyempiga mwenzake. Lakini hawakusalimiana tena. Hata siku za Idi walikuja kumwona Mama kwa zamu, kama walinzi wa benki.

Sasa leseni ilikuwa bado kwa jina la baba, nami nikaenda polisi kueleza.

"Mtutu iko wapi?" afande aliuliza.

"Mbale."

"Na hii ingine?"

"Jinja."

Akavua kofia, akaiweka mezani taratibu. "Daktari, bunduki moja iko na miji mbili?"

"Ilikuwa kwa ajili ya amani, afande."

"Leta yote hapa, nione inafunguka, inafunga. Kama hapana funga, inabaki kwetu, tunakata na msumeno."

Mama aliposikia habari ya msumeno, hakula. Hakuililia bunduki. Alijua ikikatwa, kila mmoja wa wanawe atasema mwenzake ndiye aliyeiua, na atakufa akisema hivyo.

Siku ya ukaguzi tulikutana kituoni. Polisi wa Mbale walimsindikiza Muzamiru na mtutu wake ndani ya blanketi. Asuman alileta kitako kinachonuka mafuta. Mama alikaa kwenye benchi na tasbihi yake.

Afande akahakikisha mtutu ni mtupu, akalinganisha namba za pande zote mbili. Zilikuwa sawa. Akaunganisha, akainua.

Ikasimama. Ulibaki ufa mwembamba, unene wa kucha. Akasukuma, ikagoma.

"Zaituni," Asuman aliniambia, na ndugu yake yuko pale pale ubavuni mwake, "muulize huyo, mtutu wa baba amemuuzia nani."

"Dada," Muzamiru akajibu akiutazama ukuta, "mwambie mwenye duka kitako chake kimevimba. Amekikaanga kama sambusa."

Asuman akaitaka ili aikaze kwa goti. Afande akaivuta kwake. "Mzee, hiyo ni goti, hapana nyundo."

Niliwatazama, nikawakumbuka wagonjwa wangu. Mtu akishazibwa jino hurudi akisema taya zima limeharibika, mdomo haufungi. Mara nyingi tatizo ni sehemu moja ndogo iliyozidi kimo, nasi tunaitafuta kwa karatasi nyembamba ya wino. Mgonjwa anauma, panapogusa kwanza panaacha alama.

Kliniki yangu iko mtaa wa pili. Nikaenda, nikarudi na karatasi za bluu.

Nikaweka kipande kwenye maungio, afande akashika bunduki, nami kwa mazoea nikaiambia, "Uma taratibu."

Kituo kizima kilisikia. Sitaki kulizungumzia zaidi.

Tukafungua. Alama moja ya bluu ilikaa kwenye ndoano ya chuma iliyo chini ya mtutu, ile inayoshika bawaba. Nikaikwangua kwa upole. Ngozi nyeusi ikabanduka kama utando wa maziwa.

"Muzamiru, ulipaka rangi?"

"Kutu ilikuwa inaingia, dada."

"Rangi gani?"

"Ya gari. Nilipaka mara tatu, na ya kung'arisha juu. Ile ya wateja wakubwa. Sikutaka kumpakia baba rangi ya boda."

Asuman aligeukia ukuta. Mabega yalikuwa yanatikisika, nikadhani analia. Aliporudisha uso, machozi yalikuwepo, lakini ya kicheko.

"Hata ndani ya mtutu ulipaka?" alimuuliza. Yeye mwenyewe, bila kupitia kwangu.

"Ndani niliziba na gazeti."

"Afadhali."

Mama aliacha kuhesabu tasbihi.

Thinner ya kuyeyusha rangi ilitoka kwenye begi la Muzamiru, pamba ikatoka kwangu. Tulifuta, tukapima, tukafuta tena, mpaka bluu ikatawanyika vizuri. Afande akainua.

Tak.

"Alhamdulillah," akasema Mama. Afande naye akasema, na yeye ni mlokole.

Kisha akachukua kalamu. "Sasa naandika jina ya nani?"

"Mdogo wangu," Asuman alisema.

"Hapana, kaka ndiye mkubwa."

"Wewe ndiye uliyeitunza."

"Nimeitunza? Si umeona mwenyewe nilivyoitunza?"

Afande akaweka kalamu chini. "Mnataka niwarudishie msumeno?"

Maombi yakaandikwa kwa jina la Asuman. Tukitoka, Muzamiru aliuliza kwa sauti ndogo, "Nikitaka kuiona?"

"Njoo Jinja wakati wowote," Asuman alimjibu. "Rangi uiache Mbale."

Wakuu, nilichojifunza ni kwamba kitu kikigoma kufunga usikikaze kwa goti, wala usianze kutafuta mwizi. Tafuta kwanza kinapogusa. Na kama ni silaha, fanya hivyo mbele ya mtu mwenye mamlaka nayo, ikiwa tupu.

Uwanja ni wenu. Je, kuna familia nyingine iliyowahi kugawana urithi vipande vipande hivi? Semeni, nisijione peke yangu. Wa kuniuliza kwa nini nilizungumza na bunduki, naomba apite kimya.