Ukuta Unaotoka Jasho

Nyumba tunayoishi Mbulu mjini ilijengwa enzi za Mwingereza, kati ya vile vita viwili vya dunia. Ni ya ghorofa, imegawanywa kwa familia nne. Sisi tuna vyumba viwili vya chini. Kuta ni za mawe na udongo, nene hadi unaweza kukaa dirishani.

Mume wangu alitaka ya kisasa. Nilipokuwa kwa mama mkwe, kijijini Daudi, nimetoka kujifungua, akapiga lipu ya saruji kila mahali, juu yake rangi ya mafuta, dari ya jipsamu, taa za kubadilika rangi. Sikuulizwa. Niliporudi nilisifia, maana kweli ilipendeza.

Masika yakaingia. Kuta zikatoka jasho, ukungu mweusi ukaota nyuma ya kitanda, mtoto akaanza kukohoa. Zahanati walisema asilale penye unyevu. Alale wapi, stendi?

"Nitaongeza rangi," alisema baba yake.

"Ongeza na mwavuli!"

Nimekulia nyumba ya udongo. Kukandika nimefundishwa na mama yangu kabla ya kusoma. Nikapiga simu Daudi.

"Shikamoo mama. Naomba mavi ya ng'ombe."

Mama mkwe alicheka mpaka akakohoa. "Marahaba. Mtu wa mjini leo anaomba mavi! Hata ng'ombe ukimvisha nailoni atatoka jasho. Njoo na ndoo."

Nikaenda, nikamwachia mtoto, nikarudi na ndoo imejaa. Mvua ilipopumzika nikabandua saruji ya chumbani kwa nyundo, nikakandika udongo, mavi na majivu. Mume wangu akanikuta nimechafuka hadi viwiko.

"Mama mtoto, watu watasema tumeleta zizi mjini!"

"Waseme. Wao hawakohoi."

"Basi ishia hapo. Sebule usiguse."

Sikugusa. Ukuta ulipokauka nikamrudisha mtoto, na kikohozi kikaisha taratibu.

Hasira yangu haijaisha, ila siku hizi naifikiria vizuri zaidi. Yeye naye alilelewa ndani ya ukuta uliokandikwa na mikono ya mama yake. Nadhani ile saruji aliipiga ili asifanane na kwao.

Sebule inang'aa bado, inatoka maji, wageni tunawakalisha humo. Juzi mvua ilipokaza, nikamwona anabeba televisheni yake kuileta chumbani. Nikamsogezea kigoda.