Mkwe Aliyesimama Kununua Mahindi

Mokami anachoma mahindi mjini Tarime, kando ya barabara iendayo Mugumu, na kama hujawahi kula mahindi yake basi wewe hupitagi pale, au unapita umefunga vioo. Ni mwanamke mrefu, mkavu, mwenye maneno machache na hasira za karibu. Mteja akibinyabinya mahindi matano bila kununua hata moja, anampokonya na kumwambia akabinye ya kwao. Watu wanamwita Mama Lilian. Huyo Lilian hawamjui. Wanajua tu kwamba alikuwa binti yake wa pekee, kwamba alifia Mwanza akijifungua, na kwamba mtoto alipona. Habari inakomea hapo kwa sababu mwenyewe huikatia hapo.

Asichokisema ni kwamba mume wa huyo Lilian ni Revo.

Revo yupi? Huyohuyo. Revo mchekeshaji, yule anayejifunga kitenge, akajitia makalio ya matambara, akaigiza mama mkwe wa Kikurya anayemkimbia mkwewe kila kona. Nchi nzima inamjua. Watoto wa shule wanamuiga, wabunge wanapiga naye picha, na sabuni fulani haiuziki tena bila sura yake kwenye boksi.

Sasa, kwa Wakurya mama mkwe na mume wa binti yake hawatazamani usoni. Hawapeani mkono, hawali chungu kimoja, na wakikutana njiani mmoja anaingia majanini mwenzake apite. Si chuki hiyo, ni heshima, na Mokami aliishika kuliko hata sala. Siku ng'ombe wa mahari ya Lilian walipoletwa kijijini kwao Gorong'a, yeye alikuwa jikoni, akamchungulia kijana kwenye ufa wa ukuta. Akamwona mwembamba, masikio makubwa, anachekacheka hovyo. Akampenda palepale. Lakini Revo hakumwona. Tangu siku hiyo mpaka Lilian anakufa, alichokijua cha mama mkwe wake kilikuwa mgongo na kitenge.

Kuna mara moja kijana alifika bila taarifa, Mokami akakosa pa kukimbilia. Akatumbukia ghalani, akamkalia kuku aliyekuwa anaatamia. Kuku akapiga makelele, mayai yakapasuka, na mama wa watu akakaa humohumo kwenye ute mpaka mgeni alipoaga. Aliyeona ni Lilian peke yake. Alicheka mpaka akakaa chini, akamfutia mama yake sketi huku anaanza kucheka upya.

Lilian alizikwa Mugumu, kwao Revo. Mokami alikwenda kumzika mwanawe akiwa amejifunika gubigubi, amekaa nyuma kabisa pamoja na wanawake, kwa sababu mkwe alikuwa mbele. Kichanga kilikuwa kimebaki hospitali Mwanza, hakukiona. Mumewe Marwa alisema ng'ombe walishatoka, mtoto ni wa kwao, na mambo ya ukwe yanaongewa na wanaume. Kisha Marwa naye akafa, na ndugu wa Revo wakamfuata kijana wao Dar es Salaam. Namba ya simu iliyokuwapo ikawa haipatikani. Mokami akabaki na mjukuu ambaye hata jina lake halijui.

Ndipo siku moja Kudra, jirani yake anayeuza chai na maandazi, akamsogezea simu usoni. "Mama Lilian, hebu mwone huyu mjinga," akasema, tayari anacheka. Mokami akatazama. Akamwona mwanamume mwenye masikio makubwa, kajifunga kitenge, anatumbukia ghalani na kumkalia kuku. Mayai yakapasuka. Kudra akapiga paja kwa kicheko, na Mokami akainama kugeuza mahindi ambayo hayakuhitaji kugeuzwa. Alikuwa amemsikia Lilian. Lilian ndiye aliyemsimulia mumewe, labda wakila, labda wamelala, wakacheka wawili kwenye chumba chao cha kupanga. Na sasa mtu kachukua kicheko cha chumbani na mkewe marehemu, kakigeuza cha sokoni, na hata jina la binti hakulibadilisha. Katika vichekesho vyake vyote, mama mkwe ni wa Gorong'a na binti yake anaitwa Lilian.

Hasira alikuwa nazo, ndiyo, lakini alishazimeza siku nyingi. Angetaka Revo aendelee kuchekesha mpaka azeeke, achukue na kuku na ghala na kitenge chenyewe. Alichotaka yeye ni kumwona mtoto wa Lilian kabla hajafa. Basi.

Ilikuwa Jumamosi, jua la mchana, alipokuwa anapepea jiko. Gari kubwa jeupe likapunguza mwendo, likasimama mbele yake kabisa. Hakuna aliyelitangaza. Watu wa namna hiyo wanakwenda mbugani kuona wanyama, na njaa haichagui mtu maarufu. Kioo kikashuka, na Faridu wa bodaboda akapiga ukelele: "Revo, mura, kijana wetu! Ni Revo!" Akamwacha abiria wake juu ya pikipiki. Wakaja wauza mitumba, wakaja wa saluni na povu mkononi, kila mtu kanyanyua simu utadhani ndiyo wanaita mvua.

Mokami akainua kichwa, akayaona yale masikio yanashuka garini. Hakufikiri. Mwili ulimtangulia: kitenge kikaenda kichwani, uso ukafunikwa, mgongo ukageuka. Amekaa miaka anaomba akutane na mtu huyu, na amekutana naye kwa kumpa kisogo.

Watu wakacheka. "Mama Lilian, unamkimbia staa?" Na Revo mwenyewe akafurahi mno. "Mnaona?" akawaambia wenye simu. "Huyu mama anaijua kazi yangu vizuri."

Kisha nyuma ya Mokami ikaja sauti ndogo. "Shikamoo bibi. Naomba hindi moja, lisiwe limeungua."

Mokami akageuka taratibu, akachungulia chini ya kitenge. Mtoto wa kike, wa umri wa darasa la pili hivi, kasimama mguu mmoja juu ya mwingine. Lilian alikuwa anasimama hivyohivyo akisubiri uji, alichapwa sana kwa tabia hiyo na hakuiacha. Paji la uso lilikuwa la Lilian. Vidole vyake.

"Marahaba," akasema. "Unaitwa nani, mama?"

"Happy."

Kumbe ni Happy. Mokami akalirudia jina kimoyomoyo, akachagua hindi zuri kuliko yote jikoni, akalifungia kwenye maganda lisimuunguze. Alipompa, aliushika mkono wa mtoto akasahau kuuachia. Mtoto hakuuvuta, alimtazama tu.

"Happy, twende," Revo akaita. "Njia bado ndefu."

Hapo Mokami akafanya jambo ambalo mama yake mzazi angemlilia. Alikivuta kitenge chini mpaka mabegani, akasimama wima katikati ya watu, akamtazama mkwe wake machoni. Kwa alivyolelewa yeye, bora angevua nguo. Machozi yalishaanza, lakini akasema kwa sauti ya kusikika:

"Mwanangu, mimi ni mama mkwe wako. Mimi ndiye mama yake Lilian, wa Gorong'a."

Wakaangua kicheko barabara nzima. Si wangecheka? Maneno yale yote walikuwa nayo kwenye simu zao. Faridu akashika tumbo. Revo akapiga makofi, akaigeukia simu iliyokuwa karibu. "Jamani, kila mji nina mama mkwe. Musoma ninao wawili, Bunda mmoja. Lakini huyu ni kiboko, huyu analia kabisa."

"Siigizi," Mokami akasema. "Ulikuja ghafla, nikajificha ghalani. Nikamkalia kuku..."

"Mayai yakapasuka!" umati ukamalizia kwa pamoja, kama watoto darasani.

Alikuwa na neno moja tu duniani la kumthibitisha, jambo lililoonwa na yeye na Lilian, na lilishagawiwa kwa kila mwenye simu. Angetaja nini kingine, na nani angemsikia kwenye kelele zile? Jina lake yeye, Revo hakuwahi kulijua, mkwe halitamki. Sura yake hakuwahi kuiona. Kama ungewapanga wanawake kumi wa Gorong'a siku ile, mwenye mkwe asingemtambua wake, na kosa lingekuwa la nani, wakati wote wawili walifanya adabu?

Kudra anaapa kwamba Revo hakushtuka. Faridu anasema alishtuka kidogo, alikunja uso kama mtu anayetafuta jina la mtu. Hata kama ni kweli, mwenye saluni alishamvuta bega apige naye picha, na uso ukarudi kwenye kazi yake. Akamwendea Mokami mikono imefunguka, akamkumbatia. Mkwe akamkumbatia mama mkwe wake, shavu kwa shavu, mbele ya mji mzima wa Tarime unaoshangilia. Mokami akasimama ndani ya mikono ile amekauka. Revo alinukia marashi. Juu ya bega lake Mokami alimwona Happy anapandishwa garini.

Kisha wakaondoka. Mtoto alibandika uso kwenye kioo cha nyuma, anatafuna hindi, anamtazama mpaka gari likakata kona.

Kuanzia Jumapili, Mokami akawa maarufu. Wapita njia wakamwita Mama Mkwe. Wengine walisimamisha pikipiki wapige naye picha, wakimwomba ajifunike kitenge na kulia kidogo. Mmoja Mokami alimrushia gunzi la moto, na mjinga yule akacheka, akasema hata hilo amelinasa kwenye simu. Mahindi yalinunuliwa sana wiki ile. Yeye aliyageuza bila kuyaona.

Jumatano asubuhi Kudra akaja na simu. Alijua mwenzake hayuko sawa, akadhani kicheko kitamsaidia. "Kuna nyingine," akasema. "Hii karusha Revo mwenyewe, wako garini siku ileile."

Mokami akafuta mikono, akasogea. Kwenye simu, gari lilikuwa linarukaruka barabarani. Revo mbele anacheka na dereva, na nyuma mtoto kashika hindi lililobaki nusu.

"Baba," mtoto akasema, "mbona yule bibi alikuwa analia kweli?"

"Anaigiza tu, mama," Revo akajibu bila kugeuka. "Wote huwa wanaigiza."

Kudra alianza kucheka, akamtazama jirani yake, akaacha. Mokami alikuwa amekaa chini, palepale kwenye mkaa uliomwagika, miguu imenyooka mbele.

"Mama Lilian," Kudra akasema polepole. "Kumbe ni kweli?"

Na kwa kuwa ni mwanamke wa kutenda, Kudra akachuchumaa, akaandika chini ya ile video kwamba huyu ni bibi yake mtoto kweli, wampigie, na namba akaiweka. Majibu yakaja harakaharaka. Mtu wa Arusha akaandika kwamba hata yeye ni bibi yake. Mwingine akauliza kuku anaendeleaje. Kudra akawatukana wote kwa Kiswahili kizuri, nao wakacheka zaidi.

"Waache," Mokami akasema. "Irudishe mwanzo. Mtoto akishauliza, zima. Nisimsikie baba yake anavyojibu."

Kudra akairudisha, akazima. Akairudisha tena, akazima, mpaka simu ikaisha chaji.