Mpira wa Pumzi wa Shomari

Shomari Kalunde aliwahi kulala akiendesha lori, na kwa haki lazima isemwe kwamba alilala vizuri. Lori lilikuwa limejaa marobota ya tumbaku kutoka Goweko, saa nne ya asubuhi, jua kali, barabara nyeupe. Liliiacha barabara polepole, kama mtu anayechepuka kwenda kumjulia hali shangazi, likapita katikati ya shamba la karanga, likasimama lilipokutana na kichuguu. Kichuguu hakikusogea. Mwenye shamba, mama mmoja aitwaye Apolinaria, alilizunguka lori akidhani dereva amekata roho, ndipo akasikia mkoromo. Akagonga mlango kwa mpini wa jembe.

"Baba," akasema, "umefika."

Hiyo ilikuwa elfu moja mia tisa themanini na nne, mwaka ambao taa ya mbele ya lori, kama ile iliyovunjwa na kichuguu, ilikuwa haipatikani kwa fedha wala kwa dua. Mkuu wa magari, Ndugu Hilari, mtu mwangalifu aliyefunga vifungo vyote vya shati hata mwezi wa kumi, alimwita Shomari ofisini.

"Tangu uhuru nimesikia visingizio vingi vya ajali," alisema. "Nimesikia punda, ngiri, jini la mbuyuni, mke wa pili. Usingizi saa nne asubuhi, huo bado."

"Si kisingizio, mzee. Nililala."

"Ndiyo maana inaniudhi."

Akamnyang'anya ufunguo, akampa fagio la kufagia gereji hadi itakapojulikana ana nini.

Huko Ng'ambo, mtaani kwake Tabora, ilijulikana siku ileile. Wengine walisema anakunywa, ingawa Shomari hakuwahi kuonja kitu kikali kuliko chai ya tangawizi. Wengine walisema kuna nyumba ndogo mtaa wa Chemchem inayomchosha. Mkewe, Batuli, aliposikia hilo la nyumba ndogo alicheka mpaka akaketi chini. "Huyu?" alisema. "Huyu hulala akiwa anavua kiatu."

Batuli ndiye aliyeujua ugonjwa kabla ya daktari. Kwa miaka alikuwa akilala kando ya mngurumo uliotikisa vikombe kabatini, na mngurumo haukumsumbua. Kilichomsumbua ni pale ulipokatika. Shomari alikoroma, akakoroma, halafu kimya. Kimya kikawa kirefu. Batuli alianza kufikiria sanda, na mahali pa kuipata sanda mwaka ule wa foleni, ndipo mume alipogutuka kama aliyezamishwa kisimani, akavuta hewa kwa kishindo, akaendelea kukoroma kana kwamba hakuna lililotokea. Asubuhi aliamka amechoka kuliko alivyolala, kichwa kinamwuma, akauliza kwa nini Batuli ana macho mekundu.

Daktari Justus alimsikiliza Batuli mpaka mwisho, jambo ambalo Batuli aliliona la ajabu kwa daktari. Alikuwa ametoka masomoni ng'ambo ya bahari, na alieleza kwa lugha ya kawaida. Mtu huyu akilala, nyama za koo zinalegea na kuziba njia ya hewa. Pumzi ikikatika, mwili unashtuka na kumwamsha, lakini kidogo tu, hata mwenyewe hajui. Kwa hiyo usiku kucha yuko kitandani na hapati usingizi, na mchana usingizi unakuja kudai haki yake, hata kama yuko kwenye usukani.

"Dawa?" aliuliza Shomari.

"Hakuna dawa. Kuna mashine."

Mashine hiyo daktari alikuja nayo kwenye mizigo yake, zawadi ya mwalimu wake. Ilikuwa mota ya chombo cha kufyonza vumbi, imegeuzwa ili badala ya kuvuta ipulize, ikafungwa ndani ya sanduku la mbao. Kutoka kwenye sanduku ulitoka mpira mrefu, na mwisho wa mpira kinyago cha kuvaa puani, kikafungwa kichwani kwa mikanda. Hewa inasukumwa mfululizo, koo linabaki wazi. Ni jambo rahisi, alisema daktari. Watu wanaosema jambo ni rahisi kwa kawaida si wao watakaolilalia.

Kwanza, nyumba ya Shomari ilikuwa na soketi moja, nayo iko sebuleni. Waya haukufika chumbani. Kitanda kikahamishiwa sebuleni, na tangu hapo mgeni aliyekuja kunywa kahawa alikunywa akiwa ameketi miguuni pa kitanda cha mwenye nyumba. Pili, majirani wawili walikuwa na mazoea ya kuja kupiga pasi kwenye soketi ile, na hawakuona sababu ya kuacha mazoea kwa ajili ya koo la mtu. Tatu, mashine ilinguruma kama kinu cha kusagia. Nne, kinyago kilimkausha pua, kikamchubua, na kila alipogeuka kilivuja na kumpulizia jichoni. Umeme nao ulikuwa na hiari yake. Ukikatika, Shomari aliamka akiwa amefungwa puani mpira usiotoa hewa, akipapatika kama kuku aliyefunikwa tenga.

"Nimekuwa tairi," alimwambia mkewe. "Kila usiku najazwa upepo."

"Tairi lina faida. Linakwenda Goweko."

Batuli naye hakulala. Alizoea kumhesabia mumewe pumzi kwa mkoromo, na sasa mkoromo haukuwapo. Palikuwa na mashine tu, ambayo ingenguruma vilevile hata kama aliyeivaa amekwisha kuitwa na Mola wake. Akawa anamfinya mguu kuhakikisha.

"Batuli, unanifinya nini?"

"Nakagua."

Lakini baada ya wiki chache mambo yalianza kubadilika, bila kumwomba mtu ruhusa. Shomari aliamka kichwa chepesi. Alimaliza kikombe cha chai bila kukiangusha. Siku moja alisikiliza taarifa ya habari ya redio mwanzo hadi mwisho, akagundua kwamba ni ndefu. Akaenda kwa Ndugu Hilari kudai ufunguo.

Hilari aliugusa ufunguo mfukoni, akauacha humo. "Daktari anasema umepata nafuu. Daktari haendeshi lori. Jumamosi mchana kuna mkutano, mgeni anatoka mkoani kuhutubia juu ya uzalishaji. Utaketi kando yangu. Ukimaliza hotuba yote bila kusinzia, Jumatatu unashika usukani. Ukisinzia, fagio ni lako mpaka kustaafu."

Shomari alitaka kusema kwamba hotuba ya uzalishaji, mchana, chini ya paa la bati, si kipimo cha ugonjwa bali ni ugonjwa wenyewe. Badala yake alikwenda nyumbani kulala.

Sasa lazima atajwe Mabruki, fundi wa bati, jirani wa ukuta kwa ukuta. Shomari ni Mnyamwezi. Mabruki ni Mzaramo aliyeletwa Tabora na reli. Babu za Shomari walibeba pembe mabegani mpaka pwani, na babu za Mabruki waliwangoja njiani na kuwatoza hongo ya kupita. Walipochoka kupigana wakawa watani, na wajukuu wamerithi utani huo bila kurithi pembe wala hongo. Mtani anaweza kukutukana mbele ya mkweo. Anaweza kuingia kwako, akachukua kitu, akaondoka nacho, nawe utakikomboa kwa jogoo huku ukicheka. Ukikasirika umeshindwa, na jogoo wanakuwa wawili.

Alhamisi alasiri Shomari alirudi kutoka kufagia gereji, akakuta sanduku liko, kinyago kiko, mpira hauko.

"Mabruki!" aliita juu ya ukuta.

"Naam, mpagazi."

"Mpira wangu."

"Mpira upi? Mimi nimetoza ushuru wa njia. Usiku kucha upepo wa nyumba yako unapita kwenye usingizi wangu bila kibali. Lete jogoo."

"Mabruki, ile ni dawa."

"Dawa inanguruma? Lete jogoo, mpagazi. Babu yako alilipa bila kulialia."

Shomari alicheka, kwa sababu ndiyo desturi. Kicheko chake kilisikika kama mlango wa bawaba kavu. Akageuka kwa mkewe.

"Jogoo wangu hatoki," alisema Batuli. "Aliyechukua mpira ni mtani wako, si wa jogoo."

Mazungumzo juu ya jogoo yalichukua usiku wote ule, ambao Shomari aliupitisha bila mashine, akizama na kuibuka kama zamani. Ijumaa baada ya sala Batuli alisalimu amri, jogoo akavushwa ukuta akipiga kelele. Mabruki alimpokea kwa heshima zote. Halafu akajikuna shingo.

"Kuna jambo dogo," alisema. "Elieza, yule dereva mwenzako, alikuja hapa, hana mpira wa kunyonyea mafuta. Nikamwazima. Nikajua hutauhitaji mpaka jogoo afike."

Kwa mwaka ule, mpira mzuri usiotoboka ulikuwa mali. Ulikuwa umenyonya dizeli kutoka tangi hadi pipa, kutoka pipa hadi debe, na uliporudi jioni ulikuwa unanuka kama gereji nzima. Shomari aliushika mkononi. Akaunusa. Mabruki, aliyekuwa amejiandaa kwa matusi na akayakosa, alianza kupoteza raha.

"Tukana basi," alisema.

"Nikikasirika utataka jogoo wa pili."

"Sitaki jogoo. Tukana tu, mtani."

"Kesho nina mtihani wa kazi yangu," Shomari alisema. "Nisipolala leo, nasinzia kesho. Nikisinzia, siendeshi tena. Siyo utani." Akaingia ndani.

Batuli aliuosha mpira ule kwa majivu, kwa ndimu, na mwisho kwa kipande cha sabuni alichokipigania kwenye foleni na kukificha ndani ya mtungi hata mumewe asijue. Harufu ilipungua ikawa ya lori dogo. Shomari aliuvaa, kwa kuwa hakuwa na mwingine, akafungua mlango ili upepo uingie. Kila alipozama usingizini alijiona kituo cha mafuta, amepanga foleni ya kujihudumia mwenyewe. Mara akavua, mara akavaa. Alfajiri macho yalikuwa kama makaa.

Ukumbini joto lilikuwa limetangulia kuketi. Ndugu Hilari alijiweka kulia kwake, akafunga kifungo cha juu. Mgeni alianza kwa kusema hatasema mengi.

Ilipofika habari ya mbolea, vichwa vya safu ya mbele vilianza kuitikia kwa kuinama. Habari ya ulanguzi iliwalaza walanguzi na wasio walanguzi kwa usawa, jinsi siasa yetu ilivyotaka. Kila mgeni alipotoa kauli mbiu, ukumbi mzima uliitikia "Zidumu!" bila hata mmoja kufungua macho, miaka mingi ya mazoezi haikupotea bure. Shomari alihisi kope zake zinateremka kama lango la duka.

"Mpagazi," ilisema sauti nyuma ya sikio lake.

Mabruki alikuwa ameketi kiti cha nyuma, mkutano ukiwa wa watu wote.

"Babu yako aliangusha pembe Mpwapwa, akasema imeliwa na mchwa."

Kope zikapanda. Shomari hakugeuka.

"Bibi yako aliposikia mluzi wa treni kwa mara ya kwanza aliilipa mahari."

Mgeni alikuwa kwenye takwimu za pamba.

"Na wewe, Shomari, dereva wa kwanza Tabora kukipelekea kichuguu tumbaku. Kilikulipa bei gani?"

Hivyo ndivyo ilivyokwenda. Mgeni alisoma, na Mabruki alitukana, kwa sauti ya chini, kwa mpangilio, kuanzia mababu hadi miguu ya Shomari iliyopinda, bila kurudia tusi hata moja. Shomari alikaa wima kwa hasira ambayo desturi ilimkataza kuionyesha. Hajawahi mtu kusikiliza hotuba ya uzalishaji akiwa na uso wa namna ile, na mgeni, akimwona, alianza kuhutubia yeye peke yake na kuongeza kurasa.

Mwishoni watu walipiga makofi na kuamka, kwa mfuatano huo. Shomari aligeuka kulia. Kidevu cha Ndugu Hilari kilikuwa juu ya kifungo cha kwanza, na mdomoni mwake ulikuwa ukitoka mkoromo mdogo, wa kistaarabu. Hilari alifumbua macho, akamkuta dereva wake akimtazama.

Hilari alijifuta kidevu, akanyoosha kola.

"Sikukuona ukisinzia," Hilari alisema hatimaye.

"Ni kweli, mzee. Hukuniona."

"Alikesha huyu!" Mabruki aliingilia. "Mimi ni shahidi. Hata kope!"

"Wewe ni mtani wake. Ushahidi wako ni wa kwenye matanga." Hilari akachomoa ufunguo mfukoni. Alionekana anataka sana jambo hilo limalizike kabla halijaulizwa kwa kina. "Jumatatu, Goweko."

Shomari aliutazama ufunguo ule alioufagilia gereji. Alijua kilichomweka macho, nacho hakikuwa afya. Ni matusi, na barabara ya Goweko haina mtu wa kumtukana. Alikasirika sana kwa kuijua hali hiyo.

"Nipe wiki moja, mzee," alisema. "Mpira wangu unanuka dizeli. Ukiacha kunuka nitalala, nikilala nitaendesha."

Hilari hakuelewa habari ya mpira wala hakuuliza. Fagio likabaki kwa Shomari wiki nzima zaidi, na wiki hiyo mpira ulianikwa juu ya bati la Mabruki mchana kutwa, Mabruki mwenyewe akiufukuzia kunguru. Jioni aliuvusha ukutani kwa mikono miwili. Jogoo hakumrudisha, mila ina mipaka.

Jumatatu iliyofuata Shomari alishika usukani, kichwa chepesi, alama ya kinyago bado imemchora puani. Mabruki alipanda kando yake bila kualikwa, akasema amekuja kumkeshesha kwa matusi kwenda na kurudi. Walipotoka mjini alitoa tusi moja, juu ya shangazi. La pili halikufika mwisho. Kichwa chake kiliangukia dirishani, mdomo wazi.

Karibu na Goweko Apolinaria alikuwa akipalilia karanga. Aliposikia lori lile aliacha jembe, akawasogeza mbuzi wake nyuma ya kichuguu, akasimama nao hapo.

"Mwangaluka, mama!" Shomari alimsalimu kwa Kinyamwezi, akimpungia mkono.

"Mwangaluka, baba," aliitikia, bila kutoka nyuma ya kichuguu, mpaka lori lilipopita.