Fundi Mstari na Petroli ya Shemeji

Watu wa uwanja ule mdogo wa ndege walimwita Fundi Mstari, na jina hilo hakulipata kwa kunyooka tabia. Alikuwa na chupa ndefu nyembamba ya kioo, yenye mstari mwekundu aliouchora mwenyewe kwa rangi ya kucha ya mkewe, bila ruhusa. Hakuna petroli iliyoingia kwenye ndege bila kupita kwanza ndani ya chupa hiyo, hata kama imeletwa na mkubwa gani.

Kazi yenyewe ni rahisi, hata mimi naiweza. Unatia maji hadi kwenye mstari, unaongeza petroli juu yake, unafunga kizibo, unatikisa, kisha unaiacha itulie. Petroli ikiwa safi, maji yanarudi chini na kukaa palepale mstarini. Ikiwa imechanganywa na spiriti, ile spiriti inaikimbia petroli na kujiunga na maji, na maji yanaonekana yamezidi. Gari linaipokea petroli ya namna hiyo bila kinyongo. Kwenye injini za ndege zile ndogo inaharibu mipira ya mabomba na kuvuta unyevu, na injini inaweza kukohoa pasipo pa kukohoa.

"Gari likilewa linasimama kando ya barabara," fundi alipenda kusema. "Sasa huko juu, kando iko wapi?" Aliyasema hayo harusini, aliyasema kwa kinyozi, na siku moja alimwambia daktari wa meno huku mdomo umejaa pamba.

Basi kaka wa mkewe akafungua kituo cha mafuta. Pampu zilikuwa mbili tu, lakini kichwa kilimvimba utadhani kachimba kisima kizima. Wiki hiyohiyo lori lililozoea kuleta petroli safi uwanjani likaharibika njiani. Na wiki hiyohiyo mama mkwe wa fundi alikuwa na safari: binti yake wa mwisho alikuwa amejifungua mapacha ng'ambo ya milima, barabara imekatwa na mvua, na kilichobaki ni kindege cha viti vinne. Mama yule alikuwa hajawahi kupanda ndege maishani. Alikubali shingo upande baada ya kubembelezwa siku tatu, na familia nzima ilijua kwamba akishtuliwa na kitu kidogo tu atarudi nyumbani, na mapacha watakuja kumwona bibi yao wakiwa na ndevu.

Siku ya safari, shemeji aliingia kwenye banda la ndege na dumu begani.

"Shemeji, pokea! Leo mama anaruka kwa mafuta ya mwanawe mwenyewe."

Mama mkwe alikuwa kwenye kiti cha plastiki, amekumbatia mkoba wake. Akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu afike. Fundi akalitazama dumu. Akiyakataa mafuta yale, atamwaibisha shemeji mbele ya mama yake na kumtia mama wa watu hofu. Akiyatia bila kupima, basi afadhali auze chupa na kwenda kulima vitunguu. Akapiga moyo konde, akajibanza nyuma ya ndege apime kimyakimya.

Hapo ndipo alipokosea, maana mtu mzima akijificha nyuma ya kindege huonekana kuanzia magotini kwenda chini. Isitoshe, mama mkwe aliuza mafuta ya taa miaka thelathini, na hila zote za wauza mafuta alizijua, nyingine kwa kusikia tu, anasema. Akainama, akachungulia chini ya tumbo la ndege. Akamwona mume wa binti yake anamimina maji, na juu ya maji anamimina petroli.

"Uwiii! Anatia maji! Jamani njooni, huyu anachakachua mafuta!"

Rubani, dada mmoja mpole aliyekuwa akikagua matairi, alikuja mbio. Shemeji akaangusha kizibo cha dumu. Fundi akajitokeza akiifunga chupa kizibo.

"Mama, si hivyo... nilikuwa napima."

"Unapima nini? Ujinga wangu?" Akamnyang'anya chupa na kuanza kumtikisia usoni, neno kwa neno. "Maji! Kwenye petroli! Ya mwanangu! Na mimi! Nipande! Huko juu!"

Kusema kweli, kwa miaka kumi na minane fundi alikuwa hajawahi kuitikisa ile chupa vizuri namna ile.

"Mama," akasema kwa sauti ndogo, "umeitikisa vizuri sana. Sasa naomba uiweke chini tuitazame."

Mama alikuwa amechoka mkono, akaiweka. Wote wanne wakachuchumaa kuizunguka. Petroli ikapanda juu, maji yakashuka, yakatulia. Yalikuwa yameupita mstari kwa upana wa kidole.

"Mama, uliniona nikitia maji?"

"Nilikuona kwa macho yangu haya, wala usinibishie!"

"Yaliishia wapi?"

"Hapa, kwenye wekundu."

"Na sasa?"

Mama mkwe akainamia chupa. Mtu aliyeuza mafuta ya taa miaka thelathini anajua kwamba maji hayazai ndani ya chupa.

"Haya mengine yametoka wapi?"

"Hiyo ni spiriti, mama. Ilikuwa ndani ya petroli."

Shingo ya mama ikageuka polepole mpaka ikamfikia mwanawe.

"Mama, ni kidogo tu!" shemeji akajitetea. "Inatoka kiwandani hivyohivyo, ni halali kabisa. Magari yote mjini yanaitumia!"

"Mimi ni gari?"

"Hapana, mama."

"Nikizimika huko juu utakuja kunisukuma?"

"Hapana, mama."

"Chukua dumu lako."

Lori la petroli safi lilitengemaa, likafika saa saba. Mama mkwe hakumruhusu mtu kugusa chupa. Alipima mwenyewe, maji yakakaa kwenye mstari bila kusogea. Akapima tena, akasema hiyo ni kwa ajili ya pacha wa pili. Dereva wa lori alisubiri amevua kofia, hajui amekosa nini.

Rubani alipokuwa anamfunga mama mkwe mkanda, aliona bado ameung'ang'ania mkoba wake.

"Mama, unaogopa?"

"Naogopa mpaka meno. Lakini yule pale nimemwita mchakachuaji mbele za watu, na bado hakukubali kunitilia mafuta ya mwanangu ili nimpende. Washa, binti, twende."

Fundi alikuwa amesimama karibu na mlango, alisikia kila neno. Akageuka haraka, akatoa kitambaa na kuanza kufuta bawa ambalo halikuwa na hata vumbi, akalifuta na kulifuta, mpaka rubani akachungulia dirishani kumwomba aliachie, maana ndege ilikuwa inalihitaji.