Wenzake wa kambini wamekwisha, na mimi ndiye natakiwa kumwambia

Bwana Yesu asifiwe, ndugu wa hii page. Admin, jina langu lifiche, na majina ya hawa wazee nimeyabadilisha mwenyewe. Mimi ni mama wa miaka hamsini na tatu, mjane, ninaishi kando ya ziwa upande wa Lweba. Shule nilifika la sita tu, mutanivumilia mwandiko. Marehemu mume wangu aliniachia kiwanja, na kila kiangazi napokea hapo wazee wanaokuja kupiga kambi wiki moja, kusali na kumshukuru Mungu.

Hawa wazee walikuwa wakimbizi pamoja ng'ambo ya ziwa, Tanzania. Vita ilipotulia walirudi huku kwetu, wakatawanyika, huyu akakaa Mboko, huyu mji wa Baraka, huyu Makobola. Upweke ukawashinda, wakamwomba mume wangu mahali pa kukutana. Majirani walitucheka mwaka wa kwanza. "Mumetoka mu kambi, sasa munalilia tena kambi? Ao munatamani ile maharagi ya musaada?" Mzee Asukulu, mwenye mdomo kuliko wote, akawajibu: "Ile ya kule tulifukuziwa. Hii tumejichagulia siye benyewe."

Wakatandaza shitingi zao, yale maturubai ya kujengea vibanda, kwa kufuata ujirani wa kule ukimbizini. Aliyekuwa kushoto kwako kule, na hapa ni kushoto kwako. Hakuna aliyepanga iwe sheria, lakini ikawa sheria. Mimi niliwaletea kuni na maji, nikawasongea bugali, na asubuhi ziwa likiwa limetulia walikuwa wanaimba mpaka wavuvi wanapunguza kupiga makasia. Niliwapenda sana. Mama yangu mzazi alifia porini wakati wa kukimbia, sikumzika. Hawa ndio walinipa tena mtu wa kumwita mama.

Kisha wakaanza kufa. Mwaka huu mmoja, mwaka ujao wawili. Na nafasi ya aliyekufa hawakuijaza, iliachwa hivyo hivyo, nyasi zimefyekwa, hakuna shitingi. Kiangazi kilichopita walibaki wawili tu: Mama Sifa mwisho wa huku karibu na jiko langu, na Mzee Asukulu mwisho wa kule karibu na maji. Katikati yao pako wazi. Wakitaka kuongea ni kupaaza sauti.

Nikamwambia Mama Sifa, "Mama, tukusogeze karibu na Baba Asukulu, musipige makelele."

Akaniangalia kama mtoto asiye na adabu. "Nikisogea, Furaha akifika atalala wapi?"

Mama Furaha, jirani yake wa shitingi, tulimzika zamani. Na Mama Sifa alikuwepo, alimvalisha yeye mwenyewe. Hapo ndipo nilielewa kwamba akili yake imeanza kuondoka.

Kila asubuhi alitoka nje ya shitingi, anashika fimbo, anasalimia zile nafasi tupu moja moja. "Mama Furaha, umeamuka? Pasta, umelala muzuri?" Mara ya kwanza nilikimbilia jikoni kulia. Lakini Mzee Asukulu, kule mwisho, akaitika. "Furaha ameenda kuoga! Anasema mboga yako ya sombe ya jana ilikuwa na chumvi mingi!" Mama Sifa akacheka mpaka akakaa chini. "Mwambie yeye ndiye anajua kupika? Kwake hata panya balihama!"

Ikawa hivyo wiki nzima. Mzee miguu ilikuwa imevimba, hawezi hata kufika kwenye jiko langu, lakini aliitika kwa ajili ya wote. Nilimwuliza kama si dhambi. Akasema, "Mama, mi sidanganye. Mi nabashikia tu nafasi mupaka Bwana arudi." Mama Sifa alikataa kula kama haoni moshi kwa wenzake, basi nikawasha moto kwenye kila nafasi. Jirani mmoja alipita akasema, "Siku hizi unapikia batu balikufa?" Niliendelea kupuliza moto.

Mzee Asukulu alifariki kwake Mboko katikati ya msimu wa mvua. Nilienda kwenye matanga. Mama Sifa hakuambiwa, anaishi Baraka kwa mtoto wake wa kiume, na huyo mtoto aliona bora anyamaze. Sasa kiangazi kimefika. Ziwa nalo limepanda, limeshameza pale Mzee alipokuwa analala.

Juma lililopita Mama Sifa alinipigia kwa simu ya mtoto wake. "Umeshafyeka? Mwambie kaka Asukulu asiguse kuni zangu kama ule mwaka." Nikasema, "Ndiyo, mama." Kisha mtoto akachukua simu, akatoka nje, akaniambia kwa sauti ya chini: "Mama, ameshafunga muzigo wake. Mi nikimwambia kambi haiko, anasema namudanganya juu ya kuwa sitake kumuleta. Wewe anakuamini. Ukisema akuje, namuleta kesho yake. Ukisema hapana, mwambie wewe sababu."

Nimefunga, nimeomba, sijaona njia. Nikimwambia ukweli, atazika watu wote kwa siku moja, halafu kesho yake asahau, na mtoto wake amwambie upya, alie upya. Nikisema kambi imefungwa, nimemfukuza mzee ambaye hana mahali pengine anapofurahi. Akikuja, nani atamuitikia? Jana nilienda kusimama kwenye maji, pale kwa Mzee, nikajaribu kusema maneno yake. Sauti haikutoka. Nilibaki tu nimesimama, maji yananifika magotini.

Mtoto wake anangoja jibu langu leo. Wapendwa, ninyi munaolea wazee, nishikeni mkono, nimwambie nini huyu mama? Ao nimwache akuje, aite mwenyewe, asikie vile hakuna mwenye kuitika?