Panga la marehemu baba lilivyouawa na mtaalamu wa mawe

Wakuu, hamjambo huko mliko. Hii sikuhadithiwa, nilikuwepo. Ningekuwa natunga ningejipa mwisho mzuri.

Baba alituachia panga moja lililofuliwa kwa springi ya lori. Mama hupalilia migomba nalo hapa Nyamira. Juzi likagonga jiwe, ncha ikapinda kidogo. Kidogo tu! Nyundo ingetosha.

Bahati mbaya tulikuwa na mgeni, binamu yangu Ondieki, mchongaji wa yale mawe laini ya sabuni kutoka Tabaka. Huyo hakuna kitu hajui, mpaka ugonjwa wa ng'ombe wa jirani.

"Mama mdogo, lete hiyo kitu. Hii mikono imezoea vitu ngumu."

Akaliweka kwenye makaa mpaka likawa jekundu. Hapo sawa, moto unalainisha chuma. Nikadhani sasa atalinyoosha.

Wapi! Akalitumbukiza kwenye ndoo ya maji.

"Sasa maji ya nini?" nikamuuliza.

"Jiwe huwa tunaliloweka majini kwanza ndio lilainike. Kwani wewe ulisoma nini?"

Jamani! Jiwe la sabuni na springi ya lori!

Ngojeni niwaeleze, maana ujinga huu unaambukiza. Chuma hukunjika kwa sababu chembe zake huteleza bila kuachana, kama watu kwenye benchi la kanisa siku ya Sabato. Mzee akiingia kila mtu anasogea, na benchi linabaki limejaa. Jiwe halina ustaarabu huo, ukilikunja linapasuka. Sasa springi ikiwa nyekundu halafu uipoze ghafla, chembe zinakwama, hakuna wa kusogea. Inakuwa ngumu, na inavunjika kama hilo jiwe lake.

Nikamwambia aliache. Mama naye akasema, "Ondieki, polepole. Hilo ndilo nimebaki nalo la mume wangu."

Akacheka, akaliweka juu ya gogo, akapiga.

Ka! Vipande viwili.

Mnajua alisema nini? "Hii chuma ni feki."

Feki! Panga lililofyeka shamba hili kabla yeye hajaota meno! Nilitaka kumrukia.

Mama hakupiga kelele. Aliokota kipande chenye mpini, akakipangusa na leso.

"Rudi Tabaka, mwanangu. Nichongee lingine la mawe nilitundike ukutani. La kazi umeshalizika."

Fundisho ni fupi: ujuzi wa jiwe uishie kwenye jiwe. Na kama mtaalamu wa aina hii amewahi kupita kwenu, semeni hapa chini alivunja nini.